Damu ya pili hatuiuzi: dhana potofu kuhusu homa ya mgunda

Nikibisha hodi mara ya pili nyumbani kwa mtu aliyeugua homa, nikitaka damu ya kipimo, najua nitakachoulizwa: "Mwanangu, si mlishachukua? Ile ya kwanza mmeiuza?" Nimelisikia Ruangwa, nimelisikia Masasi na Newala, huku kusini mwa Tanzania, na mlango ukishafungwa linafuata neno lenyewe: mumiani. Limenichosha, naomba nilijibu.

Dhana: damu ya pili ni ya biashara.

Ukweli: tunachukua kama mililita 5, kijiko cha chai. Damu anayotoa mchangiaji ni mililita 450. Kijiko hakina mnunuzi.

Tunarudi kwa sababu siku za mwanzo leptospira, bakteria wa homa ya mgunda, wamo kwenye damu, lakini kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana nao, bado. Huchukua kama wiki kuonekana. Kipimo cha kingamwili cha siku ya tatu kikisema hapana, hakijasema kitu. Kikisema ndiyo, bado siridhiki, maana mkulima wa mpunga anayekanyaga maji kila msimu wa mvua anaweza kuwa na kingamwili za maambukizi ya zamani. Ndiyo maana baada ya wiki mbili hivi tunachukua nyingine na kuzipima zote mbili kwa pamoja. Kingamwili zikipanda mara nne au zaidi, huyo ameugua safari hii. Ukininyima ya pili, ya kwanza umeitoa bure, na jirani anayelima bonde lilelile anabaki bila jibu.

Na jamani, andikeni tarehe homa ilipoanza! Kwenye daftari la kliniki, ukutani kwa mkaa, popote. "Juzijuzi" hainisaidii. Bila tarehe sijui niwatafute bakteria kwenye damu au kwenye mkojo, ambako huanza kutokea baada ya wiki ya kwanza.

Dhana: kutokwa damu puani ni kulogwa, au ni Ebola.

Ukweli: Julai 2022 Ruangwa walihesabiwa wagonjwa 20, watatu wakafariki. Vipimo vya Ebola na Marburg vilitoka hasi, na Wizara ya Afya ikatangaza homa ya mgunda. Tena wengi hawatokwi damu kabisa: ni homa, kichwa, maumivu ya mashavu ya miguu, macho mekundu.

Dhana: kipimo kikikosa malaria, malaria imejificha.

Ukweli: dawa ya mseto haiwagusi bakteria hawa. Rudi kituoni, umwambie daktari kama uliingia majini au ulichinja mnyama. Doksisaiklini na penisilini husaidia zaidi zikianza mapema, lakini usijinunulie dukani.

Dhana: wanaougua ni wala samaki nchanga, yaani panya wa shambani.

Ukweli: panya akiiva vizuri, bakteria wamekufa. Hatari iko kwenye kumchuna kwa mikono yenye michubuko, na zaidi kwenye maji na matope yenye mkojo wa panya. Si panya peke yake: ng'ombe, nguruwe na mbwa nao wamo. Atakayeingia bondeni na kidonda mguuni akifunike, avae buti.

Dhana: mgonjwa atengwe.

Ukweli: ni nadra sana kumwambukiza mwenzake. Kaeni naye, mpeni uji. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukipungua, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.