Je, kosa la pili lazima liadhibiwe vikali zaidi?
Wengi huamini kwamba nadharia ya uchumi yenyewe inadai hivi: kosa la kwanza onyo, la pili adhabu kali. Hesabu haisemi hivyo.

Katika uchambuzi wa uhalifu na adhabu uliofanywa na mwanauchumi Mmarekani Gary Becker mwaka 1968, kinachomzuia mtu ni adhabu inayotarajiwa, yaani ukubwa wake mara uwezekano wa kunaswa. Tuseme kosa linaleta hasara ya 100, na mkosaji hunaswa mara 1 kati ya 4. Faini inayofaa ni 400, ili robo yake ilingane na hasara ya 100, iwe mara ya kwanza au ya tano, kwa kuwa hasara ni ileile. Ukianza na faini ya 100, tishio la papo hapo ni 25 tu. Anayetarajia faida ya 60 atavunja sheria. Gharama hii ya upole wa mwanzo husahaulika mno.

Kupandisha adhabu kuna sababu, ila ni nyingine. Anayerudia ameonyesha kwamba pengine faida yake ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mahakama nazo hukosea, na ni nadra asiye na hatia kuhukumiwa kimakosa mara mbili. Kisha aibu na kupoteza kazi huuma zaidi mara ya kwanza. Zikishapungua makali, faini ndiyo huziba pengo.