"Ameambulia fedha": dhana potofu kuhusu mshindi wa pili

Kiswahili humwita anayemaliza wa pili "mshindi wa pili", yaani humhesabu miongoni mwa walioshinda. Hata hivyo, kurasa za michezo zitaandika siku hiyohiyo kwamba "ameambulia" medali ya fedha, kana kwamba ameokota makombo baada ya wenzake kula. Kitenzi hicho kimebeba dhana kadhaa zisizo sahihi.

Dhana: Wa pili ni aliyeshindwa.

Mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Mtanzania Filbert Bayi alitoka mbele tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500, kinyume na mazoea ya wakimbiaji kuviziana hadi mzunguko wa mwisho. John Walker wa New Zealand alimfukuza katika mita za mwisho mbele ya watu wa kwao, akapunguza pengo, lakini hakumfikia. Bayi alitumia dakika 3 na sekunde 32.16, Walker, dakika 3 na sekunde 32.52. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun, iliyodumu tangu 1967, ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1, kwa hiyo Walker naye alikimbia kwa kasi ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameifikia kabla ya siku ile, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa hatua chache mbele yake. Jambo kama hilo lilijirudia Berlin mwaka 2003, pale Paul Tergat alipoweka rekodi ya marathoni ya saa 2:04:55, na Mkenya mwenzake Sammy Korir akafika sekunde 1 baadaye, naye akiwa chini ya rekodi ya zamani ya 2:05:38. Nafasi humlinganisha mkimbiaji na waliokuwapo siku hiyo tu. Saa humlinganisha na wote waliomtangulia.

Dhana: Anayejivunia nafasi ya pili ameridhika, hana tena njaa ya ushindi.

Walker huyohuyo alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1976 mjini Montreal, ambako Bayi hakukimbia kwa sababu Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo. Tergat alifika Berlin akiwa na fedha mbili za Olimpiki za mita 10,000, ya pili akiwa ameipata Sydney mwaka 2000 kwa kuzidiwa na Haile Gebrselassie sekunde 0.09. Mtanzania Alphonce Simbu naye alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston mwezi Aprili 2025, na mwezi Septemba akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, mjini Tokyo, akimwacha Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Sioni ni njaa gani iliyopungua hapo.

Dhana: Wataalamu wamethibitisha kwamba fedha huumiza kuliko shaba.

Utafiti wa wanasaikolojia Medvec, Madey na Gilovich, uliochapishwa mwaka 1995, ulipima nyuso za wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona 1992 na kuona kwamba, kwa wastani, wenye shaba walionekana na furaha zaidi. Huo ni wastani wa nyuso za siku ya mashindano, si hukumu ya maisha. Tena katika judo mwenye shaba huondoka akiwa ameshinda pambano lake la mwisho, ilhali mwenye fedha amepoteza la kwake, jambo lisilofanana na mbio, ambamo wote humaliza shindano lilelile.

Dhana: Fedha imekuwa ya wa pili siku zote.

Katika Olimpiki ya Athens mwaka 1896, fedha ilikuwa ya mshindi wa kwanza. Hata medali ya dhahabu ya Paris 2024, yenye uzito wa gramu 529, ilikuwa na gramu 6 tu za dhahabu. Iliyobaki karibu yote ni fedha.

Dhana: Hakuna anayemkumbuka wa pili.

Katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Bayi aliongoza kwa pengo kubwa mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Mtanzania mwenzake Suleiman Nyambui alimaliza wa pili katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa pungufu ya sekunde moja. Hadi Olimpiki ya Paris inamalizika, Tanzania haikuwa na medali nyingine yoyote ya Olimpiki zaidi ya hizo fedha mbili.