Jamani, Vidić hakuwa mbavu tu

Kila akitajwa Nemanja Vidić, beki wa kati wa zamani wa Manchester United na Serbia, lazima atokee mmoja: "Yule mbavu tu, Torres alishammaliza." Haya, tulitazame hilo bao la Fernando Torres, mshambuliaji wa Liverpool. Old Trafford, uwanja wa United, 14 Machi 2009, dakika ya 28. Škrtel, beki wa Liverpool, anabutua mpira mrefu kutoka nyuma, na Vidić, badala ya kuuwahi kwa kichwa, anauacha udunde. Mpira ukishadunda, beki hana hakika utainuka kiasi gani, na mshambuliaji anayekuja mbio ameshapata anachokitaka. Torres akaupokonya, akafunga. Mbavu hazikuhusika hapo, ulikuwa uamuzi mbovu. Kadi nyekundu ya kumvuta Gerrard, nahodha wa Liverpool, alistahili, na 4-1 ya Liverpool haina ubishi.

Ila msimu huohuo United walicheza mechi 14 mfululizo za Ligi Kuu ya England bila kuruhusu bao, wakatwaa ubingwa, na Vidić akawa mchezaji bora wa ligi. Akaitwaa tena tuzo hiyo 2010/11, akiwa nahodha.

Kwenye mpira wa juu, mtazame miguu, achana na kichwa. Mabeki wengi huganda chini ya mpira, wakaruka wima kwa miguu miwili huku wanasukumana. Vidić alijibakizia hatua mbili tatu, mwili kaugeuza upande, kisha akaufuata mpira na kuruka kwa mguu mmoja, goti la pili likitangulia juu. Mwenye mbio humzidi aliyesimama, hata akiwa mfupi kidogo. Mkono ulitangulia kumpapasa mpinzani alipo, na mwamuzi mkali hapo anapuliza faulo.

Hasara yake ni kwamba akiukosa, nyuma yake panabaki patupu. Ndiyo maana Rio Ferdinand, beki mwenzake wa kati, alikuwa akirudi mita kadhaa kufunika kila Vidić alipotoka kung'ata, yaani kuuvamia mpira. Ukimpa kijana staili hii bila mtu wa kufunika, utafungwa mabao ya kijinga.

Sasa, Vidić ni Vidić kwa kiasi gani, na kwa kiasi gani ni Ferdinand? Sina jibu safi. Ninachojua, akiwa na mabeki wenzake Krstajić, Gavrančić na Dragutinović, Serbia na Montenegro waliruhusu bao moja tu katika mechi 10 za kufuzu Kombe la Dunia la 2006. Ferdinand hakuwepo. Lakini hao nao walikuwa wanafunika, kwa hiyo swali liko palepale.

Sifa ya ukatili ilikuzwa na mashabiki wa United wenyewe, kwa ule wimbo wao kwamba katokea Serbia na atakuua. Njia yake ni fupi kuisimulia: Užice alikozaliwa, Red Star ya Belgrade, Spartak Moscow, United Januari 2006, Inter ya Italia 2014, akastaafu Januari 2016. Katikati hapo kuna mechi ya Basel, Uswisi, Desemba 2011, kano ya goti ilipochanika. Alirudi, akabeba ubingwa wa 2013, ila ukitazama miguu yake utaona zile hatua mbili tatu za kukimbilia mpira zimepungua, na mara nyingi anausubiri amesimama.