Mshipa upi uko mbele?

Vijana wanaokuja kwetu kujifunza kusoma picha huizungusha mishipa ya damu ya ubongo kwenye skrini kama wanachezea chungwa. Huwa nawasimamisha: kwenye eksirei ya kawaida, mishipa miwili ikipishana, utajuaje upi uko mbele? Kimya. Eksirei ni kivuli, na vivuli vikilaliana havisemi nani katangulia.

Shida hiyo ina umri sawa na eksirei yenyewe. Mwanafizikia Mjerumani Röntgen aliigundua Novemba 1895. Januari 1896, kule Vienna, Haschek na Lindenthal walipiga picha ya mishipa ya mkono uliokatwa. Kivuli cha damu hakiachani na cha nyama, kwa hiyo waliijaza mishipa mchanganyiko wenye chaki na madini ya zebaki. Picha moja ilichukua dakika 57! Mkono wa maiti hautikisiki, na sumu haiudhuru tena.

Mwaka huohuo Elihu Thomson wa Marekani akaeleza ujanja wa kupiga picha mbili. Ukishapiga ya kwanza, unabadilisha bamba la picha bila kuugusa mwili, unasogeza tyubu inayotoa miale pembeni sentimita 6 hivi, kama nafasi kati ya macho yetu, unapiga ya pili. Kisha kila jicho linapewa picha yake kupitia vioo viwili vilivyokaa pembe, kifaa ambacho Mwingereza Wheatstone alikwisha kukieleza mwaka 1838. Ghafla ateri zinainuka kutoka kwenye bamba, hii huku, ile kule.

Ila pana mtego, na ndio ninaoupenda. Jicho la kulia likipewa picha ya kushoto, na la kushoto ya kulia, mbele inageuka nyuma. Kwa picha ya uso wa mtu ubongo hugoma: pua haiwezi kuwa shimo. Kwa mishipa haugomi, kwa sababu kila kitu humo kinapenyeka, hakuna kinachomziba mwenzake. Unaona umbo safi kabisa, na limepinduka.

Kwa mtu aliye hai ilibidi kusubiri dawa ya kuionyesha mishipa ambayo mwili ungeivumilia. Daktari Mreno Egas Moniz alipiga picha ya mishipa ya ubongo huko Lisbon mwaka 1927, na hapo damu huifagia dawa kwa sekunde chache tu, kwa hiyo picha zote mbili lazima ziwahi.

Nimechapisha jozi moja ya picha kwa ajili ya vijana wangu. Hatutumii vioo. Mmoja hukengeza macho, kila jicho likachukua picha ya upande wa pili; mwingine hutazama kama anaangalia mbali, nyuma ya karatasi, kila jicho likabaki na picha ya upande wake. Haipiti dakika wanabishana, kila mmoja akiapa kwamba mshipa wake ndio uko mbele.