Je, wajua kwa nini programu ya kufuatilia maonyesho hufaa kuanza na tarehe ya kufungwa?

Maonyesho ya sanaa yanapofunguliwa, mabango hubandikwa, vyombo vya habari huyatangaza, na watu huahidiana kwenda. Kisha wiki hupita. Wengi huyakumbuka yakiwa yamebakiza siku mbili, au yakiwa yameshafungwa. Ndiyo maana anayebuni programu ya simu ya kuwasaidia watu kufuatilia maonyesho hukutana mapema na swali moja linaloamua karibu mambo mengine yote: orodha ipangwe vipi? Yatangulie yaliyofunguliwa juzi, yaliyo karibu na mtumiaji, au yanayokaribia kwisha? Mimi nasema yanayokaribia kwisha, na sababu ya kwanza ni tabia yetu wenyewe.

Mwaka 2010 watafiti Suzanne Shu na Ayelet Gneezy walichapisha matokeo ya jaribio la vocha za duka la keki. Waliopewa wiki tatu za kuzitumia, asilimia 31 walizitumia. Waliopewa miezi miwili, asilimia 6 tu ndio waliofanya hivyo, ingawa hao ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekwenda. Ngoja ngoja huumiza matumbo hata kwenye mambo ya starehe. Maonyesho ya miezi minne ni vocha ndefu ya namna hiyo, na programu inayoyatangaza siku ya ufunguzi kisha ikanyamaza humwacha mtu palepale alipokuwa.

Hata hivyo, kusema "tarehe ya mwisho" ni rahisi kuliko kuijua. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, lilikusanya michoro 28 ya Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, kuanzia tarehe 10 Februari hadi 4 Juni. Tiketi zilizokuwa zimetolewa zilikwisha siku chache tu baada ya milango kufunguliwa. Zaidi ya hapo, mchoro maarufu kuliko yote, ule wa msichana mwenye hereni ya lulu, ulikuwepo hadi mwisho wa Machi tu, kisha ukarudishwa kwenye jumba lake la Mauritshuis, The Hague. Mtu aliyeweka alama ya tarehe 4 Juni kwenye simu yake alikuwa na tarehe sahihi kabisa, na bado angeweza kukosa alichokitaka. Kwa hiyo rekodi ya onyesho moja inahitaji nafasi ya hali ya tiketi, na nafasi ya kazi za sanaa moja moja zinazoondoka kabla ya wakati. Wabunifu wengi huziacha nafasi hizi kwa sababu skrini hupendeza ikiwa na tarehe mbili tu.

Siku za mapumziko nazo hupunguza hesabu. Jumba la makumbusho la Louvre hufungwa Jumanne, na la Orsay, lililo katika jiji hilohilo la Paris, hufungwa Jumatatu. Programu ikiandika "zimebaki siku tatu" bila kuondoa siku ambayo mlango umefungwa, inamdanganya mtumiaji. Hesabu iwe ya siku anazoweza kuingia, na siku ya mwisho ioneshwe pamoja na saa ya mwisho ya kuingia, ambayo kwa kawaida hutangulia saa ya kufunga.

Tarehe zenyewe huwekwa kwa sababu nzito: kazi nyingi zimeazimwa kwa mkataba, na zilizo kwenye karatasi hufifia zikikaa muda mrefu kwenye mwanga. Lakini hata tarehe nzito hubadilika. Maonyesho ya mchoraji Raphael yaliyofunguliwa katika jumba la Scuderie del Quirinale, Roma, tarehe 5 Machi 2020, yalifungwa baada ya siku tatu kwa sababu ya korona. Yalikuwa yamepangwa kumalizika tarehe 2 Juni. Siku hiyohiyo ndiyo yaliyofunguliwa tena, yakaendelea hadi 30 Agosti. Programu iliyonakili tarehe mara moja na kuziacha ingekuwa imeyafuta kwenye orodha siku ambayo watu walirudi kuyaona. Napenda sana kuona, chini ya kila onyesho, mstari mdogo unaosema taarifa hizi zilihakikiwa lini. Mtumiaji ana haki ya kujua kama anaamini habari ya jana au ya miezi mitano iliyopita.

Taarifa hizo hutoka wapi? Tangu 2011 kuna msamiati wa pamoja uitwao schema.org, ulioanzishwa na Google, Microsoft na Yahoo, ambao huruhusu tovuti kuandika tarehe kwa namna ambayo mashine huisoma bila kubahatisha, na ndani yake kuna aina maalumu ya maonyesho. Tovuti ikiutumia, kazi ni nyepesi. Isipoutumia, lazima awepo mhariri wa kusoma na kuandika kwa mkono, na gharama yake iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuna mtego mmoja mdogo unaostahili kutajwa. Faili za kalenda za iCalendar, ambazo simu nyingi huzitumia, huhesabu tarehe ya mwisho ya tukio la siku nzima kama siku ambayo tukio halipo tena. Onyesho linaloisha tarehe 4 Juni huandikwa kuwa linaisha tarehe 5. Msanidi asiyejua hili huinyofoa siku ya mwisho, siku ileile ambayo wachelewaji wote huitegemea.

Arifa nazo zina mipaka. iPhone huhifadhi arifa 64 tu zilizopangwa na programu moja ndani ya simu, zile zitakazolia mapema zaidi, nyingine hutupwa. Mtu aliyehifadhi maonyesho arobaini, kila moja na vikumbusho viwili, ameshavuka. Dawa ni kupanga upya kila programu inapofunguliwa, ukitanguliza yanayokaribia kwisha. Kwenye Android, tangu toleo la 13 la mwaka 2022, programu lazima iombe ruhusa kabla ya kutuma arifa, kama iPhone inavyotaka. Ruhusa iombwe mtu anapohifadhi onyesho lake la kwanza, kwa sababu hapo anaelewa inaombwa kwa ajili gani. Ikiombwa kwenye skrini ya kukaribisha, wengi hukataa, na programu ya kukumbusha isiyoweza kukumbusha haina kazi.

Na onyesho likishafungwa? Lisifutwe. Maonyesho mengi makubwa huhamia jumba la pili, wakati mwingine katika nchi nyingine, yakiwa na jina lilelile na tarehe mpya. Kwa hiyo kanzidata itenganishe onyesho na vituo vyake: onyesho moja, vituo viwili au vitatu, kila kimoja na tarehe, tiketi na siku zake za mapumziko. Aliyekosa kituo cha kwanza apate arifa cha pili kinapotangazwa.