Deki ya mbao: litambue doa kwanza, ndipo ununue dawa

Masika yakishapita, deki za mbao, yaani sakafu za mbao za nje ya nyumba, huku mwambao huwa na sura moja: utelezi wa kijani pembeni mwa ngazi, madoa meusi chini ya vyungu vya maua, na pale panapopigwa jua mchana kutwa, ubao umegeuka kijivu. Ndipo watu wanapoanza kutafuta dawa. Dukani jibu mara nyingi huwa Jik, ile klorini ya madoa, maana ipo kila mahali na kazi yake inaonekana papo hapo. Sisi tunaoshughulika na mbao hatukubaliani na jibu hilo. Jik inaondoa koga, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba inaondoa na visivyotakiwa kuondoka.

Ubao ni nyuzi za selulosi zilizoshikamanishwa na lignini. Jua huivunja lignini ya juu juu, mvua huiosha, na kinachobaki ni nyuzi tupu za kijivu. Kijivu hicho si uchafu, na unene wake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Klorini ya madoa, ambayo kitaalamu ni sodiamu haipokloraiti, inaendeleza kazi ile ile iliyoanzwa na jua: inaishambulia lignini. Ndiyo maana ubao ulioshwa kwa Jik kali hutoka mweupe wa kupauka, na ukiupitishia kiganja baada ya kukauka unakuta una manyoya. Manyoya hayo hushika vumbi na unyevu, kwa hiyo koga inapata pa kurudia. Zaidi ya hapo, klorini inakula skrubu na misumari, na maji yake yakitiririkia bustanini yanaunguza mimea.

Chupa hiyo hata hivyo ina kazi moja nzuri kwenye deki, nayo ni kupima. Dondosha tone moja juu ya doa jeusi, usubiri dakika moja au mbili. Doa likififia, ni koga. Likibaki vile vile, ni uchafu wa kawaida au ni doa la chuma. Na doa la chuma si lazima liwe jekundu: mbao zenye tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya ubao, zikikutana na chuma na maji hutoa weusi wenye ubuluu, na wino wa zamani ulitengenezwa kwa namna hiyo hiyo. Tazama pia umbo lake. Doa la chuma huzunguka kichwa cha msumari kisha huvuta mkia kufuata nyuzi za ubao. Koga hutapakaa vidoa vidoa bila kujali msumari uko wapi.

Kwa koga na ule utelezi wa kijani, dawa ninayoipendekeza ni sodiamu pakaboneti. Ni unga mweupe ambao ukiingia kwenye maji hutoa haidrojeni peroksaidi na sodiamu kaboneti. Ya kwanza hushughulikia koga na rangi yake, ya pili hulainisha mafuta na uchafu. Kwenye maduka makubwa unga huu huuzwa kama kiondoa madoa cha nguo; soma viambato kwenye lebo, usitegemee picha ya mbele. Uchanganye na maji ya uvuguvugu kwa kipimo kilichoandikwa. Loanisha kwanza ubao na mimea ya jirani kwa maji matupu, kisha mwaga dawa asubuhi kabla jua halijawa kali. Iache dakika 10 hadi 15, usiruhusu ikaukie juu ya ubao, halafu sugua kwa brashi ya plastiki au ya makumbi kwa kufuata nyuzi, na usuuze kwa maji mengi. Dawa iliyobaki usiifungie kwenye chupa kwa ajili ya kesho. Inaendelea kutoa gesi, na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka. Isitoshe, kesho haitakuwa na nguvu tena.

Mwenye deki ya mvule, mninga au mtiki atashtuka akiona ubao umekuwa mweusi mara baada ya kusuuza. Ni kawaida. Pakaboneti, kama magadi na maji ya majivu, ni alkali, na alkali hutia giza mbao za aina hizo. Asidi nyepesi ndiyo inayorudisha rangi, na iliyo bora kwa kazi hiyo ni asidi oksaliki, kwa sababu inafuta pia madoa ya chuma. Lakini ni sumu. Chembe zake zinafanana na sukari au chumvi, kwa hiyo isifike jikoni na isiwekwe kwenye kopo la chakula. Vaa glavu na miwani, usivute vumbi lake, na kwa Tanzania inunue kwa muuzaji wa kemikali anayetambuliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Asiyetaka kuiweka nyumbani atumie ndimu ya unga, ile ile inayouzwa kwenye maduka ya viungo. Kwa madoa ya chuma nguvu yake ni ndogo zaidi, ila giza la alkali inaliondoa vizuri. Msumari wenyewe usipobadilishwa kwa wa chuma cha pua, doa litarudi. Na steelwaya iache jikoni: vipande vyake vidogo hubaki kwenye nyuzi na kila kimoja huzaa doa lake jeusi.

Asidi yoyote, hata ya ndimu, isikutane na Jik. Hutoka gesi ya klorini, ambayo inaumiza mapafu. Jik ikikutana na dawa zenye amonia nako hutoka gesi ya sumu, ila ni kloramini. Hatari hii iko zaidi mahotelini, ambako ndoo moja hubeba dawa ya choo asubuhi na dawa ya deki mchana.

Sabuni za maji za mitaani, zinazouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, sizishauri kwa deki. Nyingine ni nzuri, lakini bila lebo hujui alkali iliyomo ni kiasi gani, na kila ndoo inatoka tofauti. Kostiki soda ni ya fundi anayebandua mafuta au vanishi ya zamani, si ya kuoshea. Mashine ya kuoshea magari nayo inachimba ubao laini na kuacha mifereji. Maji ya chumvi, kinyume na wanavyoamini wengi, si adui wa ubao: mabaharia wamekuwa wakiosha sitaha zao kwa maji ya bahari miaka na miaka. Adui wa deki ya ufukweni ni maji ya mvua yanayotuama kwenye viungo vya mbao.

Yote haya hayahusu deki ya paini iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza na wadudu. Paini nyingi za nje hukandamiziwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, unaofahamika kwa herufi CCA. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuutumia kwenye mbao za makazi mwishoni mwa 2003, ila kwetu bado upo. Ubao ukiwa mpya una ukijani hafifu. Ukizeeka ukijani huo hupotea, na mwenye nyumba husahau. Dawa kali, zikiwemo Jik na hata pakaboneti, zinaweza kuibadilisha kromiamu iliyotulia kuwa ya aina yenye sumu zaidi, na asidi huweza kuvuta metali hizo zikatoka nje ya ubao. Hapo tumia sabuni ya kawaida ya vyombo, maji na brashi laini, basi. Ukiwa na deki ya paini na hujui ilitiwa nini, ichukulie kuwa ni CCA. Usiipige msasa bila kinga ya pua, na vipande vyake usivipikie.

Asidi oksaliki ikibaki kwenye ndoo usiimwage karibu na kisima wala ufukweni. Tia magadi kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kijiti, povu litapanda. Endelea mpaka ukitia magadi mengine povu halipandi tena, kisha ongeza maji mengi ndipo umwage kwenye mfereji wa maji taka.