Zeze la mzee halikuwa nje ya ki

Jumamosi iliyopita nilikuwa na mgeni mpiga kinanda, mtu wa kwaya kutoka Dar es Salaam. Tulikaa kwenye magogo nje ya kilabu cha pombe, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Dodoma mjini, vumbi tupu njia nzima. Mzee mmoja wa Kigogo anapiga zeze, mwenzake ana ilimba, kile kisanduku chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole, akina mama wanaitikia huku wanatikisa kayamba. Wimbo wa pili haujaisha, mgeni akatoa simu, akafungua programu ya kupimia sauti, akaisogeza kwenye kibuyu cha zeze. Mshale ukagoma kutulia kwenye kijani. Akaninong'oneza: "Mwalimu, mwambie mzee akaze waya kidogo. Yuko nje ya ki."

Sikumbuki ni mgeni wa ngapi kuniambia hivyo, kwamba sauti za mpigaji hazijakaa mahali pake. Nafundisha muziki, na siku za mapumziko napeleka watu vijijini kusikiliza. Tangu Serikali ihamie Dodoma wageni wameongezeka, na neno hilo limeongezeka nao. Wengine hulisema kwa upole: "Ala za asili ndivyo zilivyo." Hao hunikera zaidi, kwa sababu wanamsamehe mzee kosa ambalo hakulifanya.

Zeze lile lilikuwa limetuniwa, nami nilikuwepo. Mzee alikaa nalo karibu robo saa kabla ya kuanza, anazungusha kijiti, anapitisha uta, anasikiliza, anarudi kwenye ilimba ya mwenzake, anaanza tena. Anachokitafuta anakijua. Mgeni ndiye hakijui.

Waya ukitetemeka mara 100 kwa sekunde, ndani ya sauti hiyo zimo nyingine ndogo za mara 200, 300, 400 na kuendelea kupanda. Hazikutungwa na mtu. Zimo kwenye waya wa gitaa, kwenye filimbi, hata kwenye koo lako. Ngazi ya muziki wa Wagogo, yaani noti wanazozitumia, imechotwa humo, kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa, ukihesabu ile ya mara 100 kuwa ya kwanza. Unayesoma tonic solfa, andika hivi: ya nne ni do, ya tano mi, ya sita so, ya nane do ya juu, ya tisa re. Imebaki ya saba, na hiyo ndiyo inayowapa watu taabu. Iko jirani na ta, yaani ti iliyoshushwa nusutoni (hatua ndogo kabisa ya kinanda), lakini chini yake kwa karibu theluthi ya nusutoni. Kwenye kinanda haipo. Kinanda kimegawanya oktavu, yaani do hadi do ya juu, katika nusutoni 12 zilizo sawa, na programu ya simu imetengenezwa kufuata hizo 12. Mshale wa mgeni wangu ulikuwa unaonyesha zeze liko mbali kiasi gani na kinanda, basi. Hata mi ya mzee iko chini kidogo ya mi ya kinanda, na wanakwaya wazuri wakizimiwa kinanda mara nyingi huangukia hiyo hiyo ya mzee.

Ukiwa na gitaa nyumbani, jaribu mwenyewe. Chukua waya mnene, uguse kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, kidogo tu kabla ya freti ya tatu, kisha piga karibu na daraja. Itatoka sauti nyembamba ya juu. Hiyo ndiyo ya saba. Itafute kwenye kinanda uone kama utaipata.

Kuna jambo wageni hawalitambui kwa sababu hawajaliuliza: waimbaji nao wamesimama kwenye ngazi ile ile. Anayeitikia huruka noti moja ya ngazi na kushika inayofuata. Zipange do, re, mi, so na ile ya saba: do inakaa na mi, re inakaa na so, so inakaa na do ya juu. Ndiyo maana mwitikio wao hausikiki kama wa kitabu cha nyimbo za kanisani, na hautakiwi kusikika hivyo. Mzee angeukaza waya kama alivyoshauriwa, angepishana na ilimba, na akina mama wote pale wangegeuka kumtazama.

Malalamiko ya pili ni ule mvumo wa ilimba, kama nyuki aliyenaswa kwenye kopo. Mgeni mmoja aliwahi kuniletea gundi kutoka kwenye gari lake ili mpigaji azibe ufa. Ufa! Lile ni tundu lililotobolewa kwa makusudi kwenye sanduku la ilimba na kufunikwa kwa utando mwembamba unaotoka kwenye nyumba ya mayai ya buibui. Vyuma vikipigwa, utando unavuma, na mvumo huo ni sehemu ya sauti. Utando ukichanika, mpigaji huacha kupiga mpaka apate mwingine. Kwenye ilimba kubwa kuna hata vyuma ambavyo kidole hakivigusi kabisa. Vimewekwa viitikie vyenyewe jirani zao wanapopigwa. Hukwe Zawose, mwanamuziki mzaliwa wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha mvumo huo Bagamoyo kwa wanafunzi wa Chuo cha Sanaa, na Uingereza kwenye rekodi za kampuni ya Real World. Uheshimu hata kama sikio lako bado linapambana nao.

Ushauri wangu ni ule ule kila safari. Sogea karibu, ukae hatua mbili kutoka kwenye kibuyu cha zeze. Usisikilizie garini. Spika yako ya bluetooth iache nyumbani. Na usitoe hukumu kabla ya wimbo wa nne, maana sikio lililolelewa na kinanda linahitaji muda huo kuachia.

Sasa hili la "wataniomba tu", ambalo huniuma kama Mgogo. Watu wa mjini wamekariri kwamba Wagogo ni ombaomba, kwa hiyo kijana akipita na kofia baada ya wimbo, mgeni anakunja uso na kutazama pembeni. Mtu huyo huyo akiwa kwenye taarabu Dar es Salaam anainuka kwenye kiti chake, anakwenda mbele akicheza na kumtunza mwimbaji noti moja moja mbele ya ukumbi mzima, na hajawahi kusema ameombwa. Kutunza ni kutunza. Wapigaji wale wamefanya kazi tangu alfajiri, wametembea na ala zao begani hadi kilabuni, wamekupigia kwa muda wa saa tatu. Pia usiwalipe kwa pombe. Nimewaona wageni wanaomwagizia mzee ndoo nzima wakidhani wamemkirimu, na ndani ya saa moja hakuna muziki wala mpigaji. Mpe fedha, mkononi, kwa heshima, na kama unataka kurekodi video mwombe kabla hajaanza.

Wengine husema: "Ngoma ni za wanaume." Muheme, ngoma ambayo wengi wenu mmeiona kwenye televisheni, ni ya wanawake. Mama huibana ngoma kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Mwanamume haendi kumpokea kwa kisingizio cha kumsaidia.

"Ujimbi ni uji tu, kama togwa." Hapana. Ujimbi ni pombe ya kienyeji, hutengenezwa kwa kimea cha mtama au uwele na huendelea kuchachuka hata ukiwa kwenye ndoo. Wa leo asubuhi na wa kesho jioni ni vitu viwili, na hakuna lebo ya kukuambia kiasi cha kilevi. Uzito wake unawadanganya watu. Wanaona wameshiba, kumbe wamelewa. Anayeendesha asionje hata kidogo. Gongo ukiletewa, kataa hata kama anayekuletea ni mwenyeji wako, kwa sababu pombe iliyokenekwa uchochoroni inaweza kukupofusha au kukuua.

"Tukienda siku yoyote tutawakuta wanapiga." Anayesema hivi hajawahi kulima. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na wakati huo watu wako shambani. Nafaka ikishavunwa ndipo pombe inapikwa, jando linaanza, harusi zinafuata, na zeze linatolewa ukutani. Njoo kuanzia Juni. Usiponipata mimi, Chamwino wana tamasha la muziki wa Kigogo, kwa kawaida mwezi Julai, na huko utasikia vikundi vingi kwa siku chache bila kuhangaika na njia.

Na kwa wanaong'ang'ania kuja Februari kwa sababu ndipo likizo yao ilipoangukia: lile korongo la mchanga mnalolivuka mkiwa mnacheka asubuhi siyo barabara. Mvua ikinyesha milimani, mbali, msipoona hata wingu, maji huja kwa kishindo jioni mkiwa mnarudi. Juu ya mchanga ule hakuna dereva hodari. Nikikuta maji kwenye korongo nazima gari na kusubiri yashuke, hata kama ni mpaka asubuhi, na hata kama mgeni ana ndege ya saa kumi na mbili.